Masanduku ya wagonjwa darini. Na sie huku Unguja na Pemba tumeweka nini?

Bint Mikunguni
Assalaam alaykum jamani. Nimesoma habari ya Willard, spitali ya wagonjwa wa akili jimbo la New York kule Marekani, ilifunguliwa 1869 na ikafungwa 1995. Sasa wakati wa kuihama wafanyakazi wakapanda darini wakakuta masanduku ya safari 400 na ushei, ya wagonjwa walioingia tangu miaka ya 1910 mpaka ya 60, mtu anafika na mzigo wake unapokelewa unawekwa juu, na wengi hawakuurudia tena mpaka wamekufa. Ndani mna picha, barua, nguo, vitu vya kushonea. Na makaburini kwao wengi wana nambari tu, jina hakuna. Masanduku hayakutupwa, yapo makumbusho ya jimbo.

Imenikaa sana hii habari. Suala langu, huku kwetu nani ana kitu au kumbukumbu ya jamaa yake aliyekuwa na maradhi haya zamani, au ya jengo la zamani walipowekwa watu? Naomba tusilete majini na vilio vya usiku. Nataka habari za watu wenyewe, walikuwa nani, wakipenda nini.

Mama Nasi
Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza tuweke sawa, maana nishaona vijana wanataka kwenda kupiga picha: Kidongo Chekundu, spitali yetu ya maradhi ya akili hapa Unguja, si gofu, inatibu watu mpaka leo na mule mna wagonjwa wenye stara zao. Usende na simu.

Mimi kazi ya unasi nimeifanya mpaka nimestaafu, na kinachoniuma ni vile jina la pahala pale limefanywa tusi, mtoto akikosea kidogo skuli anaambiwa “wewe wa Kidongo Chekundu”, basi mama mwenye mtoto anaumwa kweli anaona haya kumleta, anazunguka kwa waganga mmoja baada ya mmoja, anachezewa ngoma, anafungwa hirizi, mwisho anafungwa kamba nyumbani, akija kufika spitali kashachoka yeye na mama yake. Sisemi dua ni mbaya, dua ni yetu, lakini dawa nayo ipo.

Kumbukumbu unazotaka wewe haziko darini mwanangu, wamezikalia watu wa nyumbani. Nenda kwa wazee.

Nahodha wa Forodhani
Mie napeleka wageni kisiwa cha Changuu, wenyewe wanakiita kisiwa cha jela. Kila anayeshuka anauliza wafungwa walilala wapi, na mie namjibu hakulala mfungwa hata mmoja. Mathews, yule Muingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa sultani, ndiye aliyekinunua kisiwa 1893 akajenga jela, lakini haikutumika kwa jela, pakafanywa karantini, abiria wa meli wanashushwa pale wanawekwa mpaka ionekane hawana homa ya manjano. Fikiria mtu katoka kwao na safari yake, mji wa Unguja anauona ule, taa anaziona usiku, na hawezi kuvuka.

Ila uliza leo nani alikaa pale, hakuna anayejua hata jina moja. Kobe ndio wana historia, wametoka Shelisheli 1919, kila mtu anajua. Kwa hiyo dada mie nakuunga mkono. Na tusiishie kwa wenye maradhi ya akili tu, wa karantini nao, wenye ukoma waliowekwa Welezo nao, sote tulikuwa tunawaweka mbali na macho.

Mpemba wa Mkoani
Mie ntasema yangu, sijapata kuyaandika pahala.

Baba alikuwa na ndugu yake mkubwa, mshona kofia, hizi za vitobo, mkono mzuri sana kwa alivyosema bibi. Akaumwa, anasema na watu hawaonekani, halali, anatoka usiku kwenda mtoni. Huku kwetu Pemba hakukuwa na spitali ya maradhi hayo, mtu lazima avushwe Unguja kwa meli, na kumvusha mtu wa hali ile pamoja na abiria wote wanamtazama si jambo dogo. Akapelekwa, akatibiwa, akarudi ametulia, wallahi amerudi vizuri. Ubaya ukawa wetu sie nyumbani. Akirudi hakupewa tena sindano wala kitambaa, hakuitwa harusini, watoto tukikatazwa kula naye sahani moja. Alikufa ami yangu, na baba hataki hata atajwe.

Nina kofia yake moja haijamalizwa, bibi aliificha kwenye kasha. Ina nusu ya maua. Mwanangu wa kike anajua kushona, nilitaka aimalize, mama akasema iache vile vile.

Maalim Kilimani
Mpemba, Mungu amrehemu ami yako.

Bint Mikunguni, pita Nyaraka, hapa Kilimani. Mafaili ya serikali ya wakati wa Muingereza yapo, ya afya pia. Lakini yale yameandikwa na wakubwa wa ofisi, utakuta vitanda, matumizi, matengenezo ya paa, mgonjwa mwenyewe kasema nini hutomkuta. Ndio maana hiyo kofia kwangu ina thamani kuliko faili. Mpemba usiipige picha ukaiweka hapa bila ruhusa ya mama, na ukipata ruhusa andika na jina lake la kwanza, kama familia itaridhia.

Bint Mikunguni
Nimelia mie. Mama Nasi nimekusikia, simu sitabeba na spitali siendi. Mpemba, mama akikubali mimi nitakuja Mkoani nimsikilize yeye mwenyewe, nitaandika kwa mkono, akisema sitisha nasitisha. Kuna mwengine mwenye mzee anayekumbuka? Hasa wa shamba, Makunduchi, Micheweni huko, maana hapa tunasema wa mjini watupu.

Mpemba wa Mkoani
Nimemuuliza baada ya isha. Kasema uje, lakini baada ya msimu wa karafuu, sasa hivi yuko shambani.