Filamu tatu tatu za lugha usiyoijua

*Ijumaa usiku*

Mjomba Rashidi: Wanangu, habari za jioni. Nina shauri. Kila mmoja ataje filamu za lugha za kigeni anazozipenda kuliko zote, zisizidi tatu, aseme na sababu. Kesho tunapiga kura tupate moja ya ukoo mzima. Yangu ya kwanza naiweka sasa hivi: Seven Samurai ya Akira Kurosawa, Japani, 1954.

Salma: Shikamoo Mjomba. Ile ya saa tatu na nusu?

Mjomba Rashidi: Marahaba. Dakika 207, na sioni hata moja ya kupunguza.

Kassim: Shikamoo Mjomba. Kabla hatujaenda mbali, lugha ya kigeni ni ipi? Kwangu mimi Kiingereza nacho ni cha kigeni.

Zuhura: Swali hilo liliwasumbua hata watu wa Oscar. Mwaka 2019 Nigeria walipeleka Lionheart ya Genevieve Nnaji, ikaondolewa kwa kuwa mazungumzo karibu yote yalikuwa ya Kiingereza, Kiigbo kilikuwa dakika kama 11 tu. Nnaji akawajibu kwamba Wanigeria hawakuchagua wa kuwatawala. Na ndio kwanza walikuwa wameibadilisha tuzo jina, kutoka "lugha ya kigeni" kuwa "filamu ya kimataifa". Jina lilibadilika, sharti la lugha likabaki palepale.

Kassim: Umeona sasa.

Mjomba Rashidi: Basi sheria yetu iwe hii: filamu ambayo ukizimiwa manukuu, yale maandishi ya tafsiri ya chini ya picha, huambulii neno. Kila mtu kwa lugha zake.

Mama Mdogo Mwanaidi: Kwa hiyo Kihindi changu hakihesabiki? Kaka, Sholay nimeiangalia miaka na miaka, manukuu siyatazami kabisa.

Mjomba Rashidi: Ndiyo maana haihesabiki, Mwanaidi. Hiyo kwako si ya kigeni tena.

Mama Mdogo Mwanaidi: Haya. Imeniuma lakini nimekubali.

Salma: Mimi Parasite, na sina ya pili wala ya tatu. Bong Joon-ho, 2019. Mtende wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, kisha Februari 2020 Oscar nne, pamoja na ile ya filamu bora, ambayo haikuwahi kwenda kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Lakini hata isingepata tuzo yoyote ningeichagua. Kile kipande cha mvua! Familia inatoka kwenye nyumba ya matajiri usiku, wanashuka ngazi, wanashuka tena, wanashuka tena, na maji yanashuka pamoja nao. Wakifika kwao maji yameshaingia chumbani. Binti anakwenda kukaa juu ya choo kinachofoka maji machafu, anabana kifuniko kwa uzito wake, anawasha sigara. Hasemi kitu.

Zuhura: Na ile habari ya harufu. Filamu haina harufu, lakini yule tajiri anapokunja pua unajisikia umenuswa wewe.

Salma: Hapo hapo dada! Nilitamani kuzima.

Zuhura: Ila niseme kitu kuhusu manukuu ya Parasite, maana watu huyachukulia kama yameota yenyewe. Kuna mtu alikaa akayaandika, Darcy Paquet. Baba anapoona cheti cha kughushi cha mwanawe, kwa Kikorea anauliza kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kina somo la kughushi. Kwenye manukuu ya Kiingereza akaweka Oxford, ili anayesoma acheke kwa wakati uleule anaocheka Mkorea. Na ile jjapaguri, tambi za aina mbili zilizochanganywa, akaibunia jina, ram-don. Hiyo ni kazi ya mwandishi kamili.

Kassim: Mimi hapo sikubaliani. Mkorea hakusema Oxford. Mimi nataka alichosema Mkorea.

Zuhura: Ungekipata, kaka Kassim, ungecheka?

Kassim: Nisingecheka. Ningejua.

Zuhura: Na kile kipande kilitengenezwa ili ucheke.

Mama Mdogo Mwanaidi: Ninyi mnabishana kuhusu maandishi, mimi macho yangu yananisumbua. Yakiwa meupe juu ya shati jeupe siyaoni. Nikiyafukuzia, sura za watu zinanipita. Filamu ikitiwa sauti ya lugha ninayoijua napata raha yangu. Spirited Away ya Miyazaki niliiona hivyo, na sikuona pengo.

Mjomba Rashidi: Katuni nakubali, pale hata Kijapani chenyewe ni sauti iliyotiwa. Lakini Toshiro Mifune, mwigizaji wa Seven Samurai, huwezi kumvika sauti ya mtu mwingine. Yule anaunguruma, anakoroma, anajikuna, anacheka kwa mwili mzima. Ukiondoa sauti yake umeondoa nusu ya mtu.

Mama Mdogo Mwanaidi: Kaka, sijasema wewe uangalie hivyo. Nimesema mimi na macho yangu.

Mjomba Rashidi: Nimekusikia. Samahani.

Mama Mdogo Mwanaidi: Na katika hiyo Spirited Away, kipande ninachokipenda hakina maneno hata hivyo. Yule binti kapanda treni, reli iko chini ya maji, pembeni yake kakaa yule asiye na uso. Abiria wengine ni vivuli. Wanashuka kituo kimoja kimoja mpaka mnabaki wachache. Hakuna linalotokea. Nilikaa nikatazama maji tu.

Salma: Jamani, Mama Mdogo ametupa kipimo. Sheria ya Mjomba ni kwamba ukizima manukuu huambulii neno. Sasa tuizime kweli! Filamu ibaki na kipande kimoja ambacho hata bila manukuu kinakufikia. Kila mtu alete chake.

Mjomba Rashidi: Hilo nalipenda. Nipe muda niandike.

Kassim: Wakati Mjomba anaandika: Mandabi ya Ousmane Sembène, Senegali, 1968. Mzee Ibrahima Dieng hana kazi, ana wake wawili, anapata hawala ya pesa kutoka kwa mpwa wake aliye Paris. Kuichukua anatakiwa kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe asiyoijua. Filamu nzima anatembea na kanzu yake pana ofisi hadi ofisi, na habari ya pesa imeshaenea, kila jirani anakuja kukopa. Zima manukuu umwangalie anavyotembea tu: mwanzo kifua mbele, mwishoni kanzu imekuwa kubwa kuliko mtu.

Kassim: Na sababu nyingine. La Noire de... ya 1966 Sembène aliifanya kwa Kifaransa. Hii akaifanya kwa Kiwolofu, kwa sababu alitaka watu anaowasimulia waielewe wenyewe. Sisi ndio tunaosoma chini. Wao wanasikiliza tu. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikiiwasha.

Zuhura: Hiyo umenigusa. Sasa mimi naleta filamu inayoshindwa kabisa kipimo cha Salma, na naitetea. A Separation, Asghar Farhadi, Iran, 2011. Ukizima manukuu unabaki na watu wanaobishana vyumbani, ofisini kwa hakimu, kwenye ngazi. Kila kitu kiko kwenye neno. Je, alijua kuwa yule mwanamke ana mimba au hakujua? Alisikia au hakusikia? Kila shahidi anasema kweli kidogo na kuficha kidogo, na mimi niliyekuwepo chumbani nikitazama nashindwa kuapa nilichokiona.

Salma: Basi haifai kwa kipimo.

Zuhura: Basi kipimo ndicho kifupi. Kuna filamu za macho na kuna filamu za masikio.

Salma: Mwisho wake je? Binti anaulizwa na hakimu atakaa na nani, wazazi wanatolewa nje wasubiri. Baba upande mmoja wa mlango wa kioo, mama upande wa pili, watu wanapita katikati. Majina yanaanza kupanda na jibu hatulisikii. Dada, hapo maneno yako wapi?

Zuhura: 😮 Sikuwahi kuliona hivyo. Umenishinda kwa filamu yangu mwenyewe.

Mjomba Rashidi: Nimemaliza. Kinu cha maji kinawaka moto. Mama anatoka na kichanga mikononi, kumbe ameshachomwa mkuki. Anamkabidhi Mifune mtoto, anaanguka. Mifune yule aliyekuwa akitamba filamu nzima kuwa samurai, kwenye ile bendera wenzake sita ni miduara na yeye peke yake ni pembetatu, anasimama ndani ya mto na mtoto analia. Kisha anakaa majini. Anasema mtoto huyu ni mimi, yalinikuta haya haya. Ukizima manukuu hulipati hilo neno. Lakini unaona mtu mzima anakaa ndani ya maji kwa sababu miguu imekataa. Na tangu hapo unajua ni mtoto wa mkulima, hakuna wa kukueleza.

Mjomba Rashidi: Na jingine. Wanakufa samurai wanne, wote kwa risasi. Hakuna hata mmoja aliyeuawa kwa upanga. Kyuzo, bingwa wa upanga kuliko wote, anaangushwa na mtu aliyejificha ndani ya nyumba. Hilo nalo halihitaji tafsiri.

Salma: Mjomba, Parasite ikishindwa kura yangu ni yako.

Mama Mdogo Mwanaidi: Mimi Children of Heaven, ya Majid Majidi, Iran, 1997. Ali anapoteza viatu vya dadake, Zahra. Wanagawana jozi moja, ya Ali: dada anasoma asubuhi, anakimbia kurudi, wanabadilishana kichochoroni, kaka anakimbia kwenda. Kila siku kukimbia. Kisha mashindano ya mbio, zawadi ya mshindi wa tatu ni viatu. Mtoto anaomba Mungu ashike nafasi ya tatu! Anashika ya kwanza. Wanambeba juu, wanampiga picha, naye analia kwa uchungu. Mwisho anatia miguu yenye malengelenge ndani ya bwawa la nyumbani, samaki wekundu wanaizunguka. Kipimo chenu hicho, kimepita au hakikupita?

Kassim: Kimepita, Mama Mdogo. Kimepita kabisa.

Kassim: Sasa ya mwisho yangu, na ndiyo ninayoitaka ishinde. Pather Panchali ya Satyajit Ray, Kibengali, 1955. Nani hajaiona?

Mama Mdogo Mwanaidi: Mimi. Ni Kibengali, sikuijaribu.

Kassim: Basi Mama Mdogo, ruka ujumbe wangu unaofuata. Tafadhali.

Kassim: Apu na dadake Durga. Wote mnakumbuka treni: maua meupe yaliyowazidi kimo, Durga anabandika sikio kwenye nguzo ya waya, kisha moshi. Kipande kile Ray alikianza, aliporudi ng'ombe walikuwa wameshayala maua yote, ikabidi asubiri msimu wa mwaka uliofuata. Lakini si hicho ninachokitaka. Durga anakufa kwa homa baba akiwa safarini. Baba anarudi hajui. Anatoa zawadi mfukoni moja moja, anamwonyesha mkewe, mpaka anatoa sari ya Durga. Mama anaishika, anaiuma, anafungua kinywa kulia, na sauti haitoki. Ray ameizima. Mahali pa kilio kimewekwa chombo cha nyuzi, tarshehnai, kinapanda mpaka juu. Mjomba, sisi tunazima manukuu. Yeye alizima sauti ya mama mwenyewe.

Zuhura: Kura yangu ni hiyo. Naiacha A Separation.

Mjomba Rashidi: Wewe Kassim umeisema vizuri mno. Lakini mimi siwaachi samurai wangu.

Salma: Parasite imebaki na mimi peke yangu, kwa hiyo nahamia kwa Mjomba kama nilivyosema. Mbili kwa mbili.

Mjomba Rashidi: Mwanaidi, umebaki wewe. Seven Samurai umeiona.

Mama Mdogo Mwanaidi: Nimeiona, kaka, ulinikalisha mwenyewe. Sipigi kura kwa filamu nisiyoiona. Nipeni mpaka kesho usiku. Na maandishi nitayakuza.

*Jumamosi usiku*

Salma: Mama Mdogo yuko wapi?

Zuhura: Aliniandikia saa moja kuwa anaanza. Mwacheni.

Mama Mdogo Mwanaidi: Bibi kizee na chombo chake cha maji. Anakunywa kidogo, yanayobaki anaumwagilia mche. Ameniliza.

Kassim: Endelea Mama Mdogo.

Mjomba Rashidi: Mnamshawishi mpiga kura 🙂

Mama Mdogo Mwanaidi: Imekwisha. Kassim, ule ujumbe wa kuruka sikuuruka, kwa hiyo sari niliijua inakuja. Haikusaidia kitu.

Mama Mdogo Mwanaidi: Lakini hamkuniambia kuhusu mwavuli.

Kassim: Mwavuli gani?

Mama Mdogo Mwanaidi: Durga ameshakufa, baba hajarudi bado. Mtoto anatumwa, ameshika chupa. Anatoka, anatazama mbinguni, anarudi ndani mwenyewe kuchukua mwavuli, anaondoka. Filamu nzima yule mtoto anaamshwa, anachanwa nywele, anavishwa. Leo amekumbuka mvua peke yake.

Mama Mdogo Mwanaidi: Hapo hapakuwa na manukuu hata ya kusoma.

Kassim: Nimeiona mara tatu. Mwavuli sikuuona.

Mjomba Rashidi: Tatu kwa mbili. Salma, andika Pather Panchali juu.