Njia ya reli ya kompyuta: tufuate uhalisia au ubunifu?

Fundi Reli: Ndugu zangu, ninajenga katika kompyuta reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, yenye upana wa mita 1, kama ilivyokuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Je, ninaruhusiwa kufupisha nyika ya Taru na kubuni stesheni ndogo?

Mpenda Garratt: Fupisha nyika, lakini miinuko usiiguse. Injini za mvuke aina ya Garratt, za kundi la 59, zilizoundwa Manchester kuanzia 1955, zilivuta mizigo mizito kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Ukiusawazisha mpando huo, hakuna atakayeelewa kwa nini injini kubwa namna hiyo ilihitajika.

Bi Mazeras: Nakubaliana naye, ila stesheni ya kubuni haina kosa ikifuata kanuni za reli yenyewe, yaani iwe na njia ya kupishania treni, tangi la maji na ishara. Mimi hubuni hata matawi ambayo hayakujengwa kamwe, na huko ndiko ninakojifunza zaidi, kwa kuwa hunilazimu kujiuliza mhandisi angepitisha wapi reli yake.

Fundi Reli: Ahsanteni. Nitaanza na miinuko, kisha nibuni stesheni moja kati ya Voi na Mtito Andei.