Re: Mdogo wangu awe wa kwanza kwenye timu ndogo au wa sita kwenye timu kubwa?

Kutoka: Dallas

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu yuko Eldoret, amemaliza kidato cha nne na makocha wawili wa huku wanamtaka. Wa chuo kidogo anasema atakuwa mkimbiaji wao wa kwanza mara tu akifika, watamlipia nusu ya karo. Wa chuo kikubwa, ambacho kila mwaka kinafika fainali za taifa za mbio za nyika, anamlipia yote, lakini amesema wazi kwamba kijana ataanza kama namba sita au saba. Baba amekasirika: "Nani huvuka bahari kwenda kuwa wa saba?" Waliokimbia huku, naomba mnisaidie cha kumjibu.

Kutoka: Wichita

Dada, hongera kwa mdogo wako, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Swali lake ni la haki. Kwetu anayekumbukwa ni aliyekata utepe. Ila mbio za nyika za vyuo vya huku hazihesabiwi hivyo, nami nimelijua hilo kwa miguu yangu: miaka minne nilikuwa namba sita kwenye chuo kimoja cha hapa Kansas.

Timu inaingiza watu saba. Watano wake wanaotangulia kufika ndio wanaohesabiwa. Ukiingia wa 30, umeiletea timu pointi 30. Jumla ndogo ndiyo bingwa. Sasa chukua timu yenye nyota: wameingia wa 1, 4, 9 na 30, halafu mtu wao wa tano kaishiwa pumzi, kaingia wa 95. Jumla 139. Timu nyingine haina hata mmoja kwenye kumi bora, lakini watu wake wameingia wa 14, 18, 22, 27 na 33. Jumla 114, na kombe ni lao. Namba sita na saba hawaleti pointi, lakini kila mpinzani wanayempita anarudi nyuma nafasi moja na mzigo wa timu yake unaongezeka.

Mwaka wangu wa tatu, kwenye mashindano ya ligi yetu, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kilima cha mwisho kimegeuka tope la kunata. Zimebaki mita kama 300, nikaona mbele yangu jezi mbili za kijani: mtu wa nne na wa tano wa wapinzani wetu. Kocha alikuwa amesimama kwenye kamba, maji yanamtiririka usoni. Hakuniita jina, alininyooshea vidole viwili tu. Wa kwanza nilimpita kwenye kona. Wa pili tulishuka bega kwa bega mpaka mstarini, nikamzidi kifua. Tulishinda kwa pointi moja. Kwenye karatasi ya matokeo nafasi yangu iliwekwa ndani ya mabano, ndivyo wanavyowaandika wa sita na wa saba. Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Mwambie mzee habari za Wakenya wenyewe. Henry Rono alishinda fainali za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, mwaka 1976, 1977 na 1979 akiwa chuo cha Washington State. Edward Cheserek wa Oregon alishinda 2013, 2014 na 2015 mfululizo. Katika fainali zote hizo sita, hakuna hata moja ambayo chuo chao kilichukua kombe la timu. Mtu mmoja, hata awe wa ajabu vipi, hupunguza pointi za nafasi yake tu. Tena 2023 wanawake wa chuo cha NC State walikuwa mabingwa kwa pointi 123 dhidi ya 124 za Northern Arizona. Pointi moja!

Wengi tukilinganisha vikosi hutaja UTEP, yaani Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, na sisi Watanzania tuna sababu ya kuipenda: ndiko walikopita Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga na Zakaria Barie. Mwaka 1981 walishinda kwa pointi 17, wakati kiwango cha chini kabisa kinachowezekana ni 15. Sijaona kingine cha kufanana nacho. Lakini Nyambui alikuwa tayari na medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow. Lile lilikuwa kundi la watu wazima waliokwisha iva. Kwa upana wa kikosi, moyo wangu uko kwa wanaume wa Northern Arizona, mabingwa mara sita kati ya 2016 na 2022. Nyota walihitimu wakaondoka, kombe likabaki Flagstaff, mji wa chuo hicho, kwa sababu namba sita wa mwaka huu ndiye namba tatu wa mwaka kesho. Mwaka 2022 walilingana na Oklahoma State, 83 kwa 83, ikabidi walinganishwe mtu kwa mtu, wa kwanza kwa wa kwanza hadi wa tano, ndipo wakapewa wao.

Kwa hiyo dada, usimuulize kocha nyota wao anakimbia muda gani. Muulize muda wa mtu wao wa tano na wa saba, na kati yao wangapi wanahitimu Mei. Mdogo wako akiwa karibu na wa tano, aende timu kubwa bila wasiwasi, maana mazoezi ya kila siku na watu wanaomzidi kidogo yatampandisha. Akiwa karibu na wa 15, afikiri upya. Tangu 2025/26 vyuo vya daraja la kwanza vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa malipo ya wanamichezo vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika, na wanaopanda ndege kwenda fainali ni wachache kuliko hao.

Kutoka: Minneapolis

Naongezea moja, dada. Ufadhili uwe kwa maandishi, na uulize kama unafanywa upya kila mwaka na nini kinatokea akiumia. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki chuoni wakati wa masomo, kwa hiyo ile nusu ya karo hataimudu kwa kibarua. Mwanangu alijaribu. Tulikopa.

Kutoka: Dallas

Asanteni sana. Nimempigia kocha wa chuo kikubwa. Wawili kati ya watano wao wanahitimu Mei, na mtu wao wa saba anamzidi mdogo wangu sekunde nane tu katika kilomita 8. Baba amesikiliza yote, kisha akauliza hilo hilo la Minneapolis: akiumia je? Kocha ameahidi barua kabla ya Ijumaa.