Kuficha ufunguo ndani ya apu ya Android: R8, DexGuard au C++?

FundiWaKisauni
Wakuu, nina apu ya wenye maduka ya Kongowea, iko karibu kutoka. Ndani mna ufunguo ambao sitaki usomeke mtu akiifungua APK (faili la apu). Nimebaki na njia tatu: R8 pekee (kifaa cha Android cha kubana msimbo na kubadilisha majina), DexGuard ya kulipia (ya kuficha msimbo), au niuhamishie kwenye C++. Ipi nichukue? Naamua wiki hii.

Yakhe_Likoni
Ufunguo wa nini? Kotlin au Flutter? Wa ramani waweza kuufunga kwa jina la apu na SHA-1 (alama ya utambulisho) ya cheti, hata ukionekana si neno. Wa pesa ni habari nyingine.

BintiMajengo
R8 itoe kwenye orodha. Yabadilisha majina ya klasi, maneno yaliyo ndani ya nukuu yaachwa vilevile. BuildConfig (klasi ya mipangilio ya apu) nako ni kulekule. Fungua APK yako kwa jadx (kifaa cha kusoma msimbo wa APK) utafute "https", ujionee. Kwa Kotlin, LSParanoid (plagini ya kuficha maneno ya ndani ya nukuu) ni bure: weka @Obfuscate juu ya klasi, basi. Na Base64 mtu asinitajie, yeyote aigeuza.

root_mvita
C++, lakini kwa akili. Kuna apu moja ya tiketi ambayo ufunguo wake ulipigwa XOR (kuchanganywa biti kwa biti) na baiti 0x5A ndani ya funksheni, ikajengwa kwa -O2 (kompaila iboreshe msimbo). Kompaila ikaona pande zote mbili zinajulikana, ikapiga hesabu yenyewe na kuandika jibu wazi kwenye faili. `strings -n 8` (amri ya kutoa maandishi ndani ya faili) juu ya .so (faili la msimbo wa C++) ikautema ufunguo mzima. Baiti ya XOR iwe volatile (kompaila isiihesabu mapema), na isiwe moja: thamani 255 zajaribiwa kufumba na kufumbua. Kagua .so ya toleo la kutoa, si ya majaribio. Tena funksheni yenye jina Java_…_getApiKey yajitangaza yenyewe. Isajili kwa RegisterNatives, jina hilo lisihitajike. Ukimaliza kutumia bufa yenye ufunguo, kuifuta kwa memset ya kawaida hakutoshi, kompaila huifuta ikiona hakuna anayeisoma tena.

Yakhe_Likoni
Na Frida je, kile kifaa cha kuingilia apu inapoendesha? Yaishika funksheni pale inaporudisha String kwa Kotlin. XOR yako yote bure.

root_mvita
Frida yataka mtu mwenye nia. Wengi huishia kwenye strings.

FundiWaKisauni
Ni Kotlin. Ufunguo ni wa Daraja (API ya M-Pesa): consumer secret, pamoja na passkey ya STK (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja).

BintiMajengo
Subhanallah! Sasa ndiyo wasema? Hiyo haifichwi, yatolewa kabisa kwenye apu. Password ya STK ni shortcode, passkey na Timestamp zilizounganishwa kisha zikatiwa Base64, hakuna hashi. Anayenasa ombi moja la simu yake mwenyewe aikunjua, passkey iko katikati. DexGuard haikusaidii hapo. Apu itume kiasi na namba ya simu. Seva ichukue tokeni ya saa moja na kupiga STK. Kwani CallBackURL (anwani ya kupokea jibu la malipo) umeielekeza wapi kama huna seva?

root_mvita
Angefunga cheti cha seva kwenye apu, ombi lisingenaswa.

Yakhe_Likoni
Frida hiyohiyo yakivua.

FundiWaKisauni
CallBackURL iko kwenye tovuti ya majaribio ya bure. VPS (seva ya kukodi) ya wapi ina kasi kutoka Mombasa?

root_mvita
Nyaya za baharini za intaneti, TEAMS na SEACOM, zatua hapahapa tangu 2009, lakini njia ya pakiti yategemea mtoa huduma wako. Piga traceroute (amri ya kuona njia hiyo) kwanza. AWS (seva za Amazon) wako Cape Town.

BintiMajengo
Kasi baadaye. Hiyo APK ya majaribio umeshamgawia nani? Na passkey imo kwenye historia ya Git (rekodi ya mabadiliko ya msimbo)?