Naomba ushauri: shata ya kamera ya filamu inafunga kabla ya kumaliza safari

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na kamera za zamani.

Ninayo kamera ya filamu ya milimita 35. Shata yake (sehemu inayofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu) haitegemei betri, ni ya mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa mlalo. Kuanzia spidi ya 1/30 hadi 1/250 ya sekunde picha zinatoka safi, zinapendeza kweli. Tatizo ni 1/1000: upande mmoja wa picha unabaki mweusi, na kwa 1/500 ukingo huohuo una kivuli.

Nimefungua mgongo bila filamu, nikaielekezea kwenye mwanga na kufyatua. Mwanya kati ya mapazia unaanza vizuri, kisha unazidi kuwa mwembamba hadi unapotea kabla ya kufika mwisho. Naona pazia la pili linalikuta la kwanza njiani.

Nimetoa kifuniko cha chini, nikapangusa vumbi kwa brashi laini na kufyatua mara nyingi. Ikapata nafuu, lakini ikilala tu, asubuhi tatizo limerudi. Ndiyo maana nahisi ni mafuta yaliyoganda, si springi kulegea. Mapazia yenyewe bado laini, hayana tundu. Skrubu za kukaza springi sijazigusa, maana spidi zote zinaweza kuvurugika.

Sasa, nisafishe kwanza ekseli za mapazia kabla ya kufikiria kukaza springi? Na nitumie kimiminika gani, kwa kiasi gani, kisiharibu mpira uliopakwa kwenye kitambaa? Naipenda sana kamera hii, nataka irudi kazini.