Nimestaafu, watoto wananidai malengo. Niwajibu nini?

Mstaafu Mpya:
Wakuu, habari zenu. Nimestaafu mwaka jana. Kila mtoto akipiga simu ni lilelile: "Baba, una mipango gani?" Mmoja kanitumia hadi jedwali la malengo ya miaka 5. Mimi ninayoyataka ni kupanda ngazi bila kushika ukuta, kusoma na mjukuu jioni, na kupatana na kaka yangu. Wakisikia hivyo wanaona nimejikatia tamaa. Je, huu ni uvivu? Naomba ushauri, kejeli hapana.

Kinda la Juzi:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, akili isipopewa kazi inalala. Anzisha mradi, hata mdogo.

Bi Mkubwa:
Miradi ya kiinua mgongo imeliza wengi, tuiache. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, ameeleza kwamba mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi, hupunguza hamu ya kujikusanyia mapya na kuelekea kwa watu na mambo yenye uzito moyoni mwake. Hata kijana anayejua muda wake ni mfupi huwa hivyohivyo. Basi usikubali kuitwa mvivu, shemeji.

Fundi Mstaafu:
Kutopoteza ulichonacho nalo ni lengo, tena gumu. Mpiga piano Arthur Rubinstein aliulizwa uzeeni anawezaje bado kupiga vizuri. Akajibu: anapiga vipande vichache, anavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu za kasi anapunguza mwendo ili kasi isikike. Paul na Margret Baltes, watafiti wa uzee, waliutumia sana mfano huo. Wewe umeshachagua, bado mazoezi. Kila siku inuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, rudia mpaka mapaja yalalamike kidogo. Misuli huitikia hata kwa mtu wa miaka 90. (Magoti yakiuma, muone daktari kwanza.)

Kinda la Juzi:
Sawa wazee wangu, ila hakuna hata moja linalomtoa nyumbani.

Bi Mkubwa:
Hapo una hoja. La kaka linamtoa.

Mstaafu Mpya:
Nashukuruni. Sasa huyo kaka, nimpigie simu au niende? Hatujaongea miaka.

Fundi Mstaafu:
Simu ni rahisi kukatwa. Nenda, na usiende na shahidi.