Vidole vinachelewa kuhama kutoka kodi ya G kwenda C

Mwanakwaya wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya kanisa hapa Tabata, na nota za sol-fa ninazisoma bila shida, kwa kuwa ndizo tulizokua nazo. Mpiga kinanda wetu amehamishiwa Dodoma kikazi, na viongozi wameniomba nijifunze gitaa ili mazoezi ya katikati ya wiki yasiendelee kufanyika bila ala. Nimenunua gitaa la nyuzi za chuma katika duka moja la Kariakoo, na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) za G, C, D na Em nimekwisha kuzikariri kutoka kwenye video za mtandaoni. Nikipewa muda wa kupanga vidole, kila kodi inalia vizuri isipokuwa C, ambayo uzi wake mmoja au miwili hukwaruza au hukataa kulia kabisa.

Kinachonishinda ni kuhama. Nikitoka G kwenda C, wimbo unafika mstari wa pili nami bado ninakitafutia kidole cha pete mahali pa kutua. F sijathubutu hata kuijaribu, kwa sababu kila ninayemuuliza ananiambia kwamba hapo ndipo wengi huliuza gitaa. Je, tatizo ni mazoezi machache, ni mshiko wangu, au ni gitaa lenyewe? Naomba wenye uzoefu wanisaidie.

Mwalimu wa Gitaa, Sinza

Mwanakwaya, kwa kuwa kodi zenyewe umekwisha kuzijua, tunaweza kuzungumzia jambo ambalo video nyingi hulipita haraka. Video hukuonyesha kodi ikiwa imesimama, kidole hiki hapa na kile pale, ilhali wimbo haungoji kodi isimame. Unachopaswa kukifanyia mazoezi ni njia anayopita kila kidole kutoka kodi moja hadi nyingine, kwa hiyo acha kwa sasa mazoezi ya G peke yake na ya C peke yake, ushughulike na kule kuhama.

Nakisia kwamba G unaishika kwa kidole cha kati kwenye uzi wa sita, cha shahada kwenye uzi wa tano na cha pete kwenye uzi wa kwanza. (Kwa wasomaji wapya: uzi wa kwanza ni ule mwembamba ulio upande wa goti, na wa sita ni ule mnene ulio upande wa kidevu; freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa.) Mshiko huo si mbaya, lakini ukitoka hapo kwenda C vidole vyote vitatu hulazimika kuruka, kila kimoja kwa njia yake. Jaribu hivi: kidole cha pete kiwe freti ya tatu ya uzi wa sita, cha kati freti ya pili ya uzi wa tano, na kidole cha mwisho freti ya tatu ya uzi wa kwanza. Sasa ukiitaka C, cha pete na cha kati vinashuka pamoja uzi mmoja bila kubadili umbo, cha mwisho kinainuka, na cha shahada, ambacho kilikuwa hakina kazi, kinatua freti ya kwanza ya uzi wa pili. Kidole cha mwisho kitasumbua mwanzoni kwa sababu ni dhaifu, lakini kitazoea, na utakihitaji baadaye kwa mambo mengine mengi.

Tafuta ujirani wa namna hiyo katika kila jozi ya kodi. Kati ya C na Am, kidole cha shahada na cha kati havisogei kabisa. Ni cha pete pekee kinachotoka uzi wa tano kwenda freti ya pili ya uzi wa tatu. Kati ya Em na Am, vidole viwili vinavyokaa kwenye uzi wa tano na wa nne vinashuka pamoja hadi wa nne na wa tatu, kisha cha shahada kinaongezwa kwenye freti ya kwanza ya uzi wa pili. Na kama D inakupa taabu baada ya C, weka D7 mahali pake kwa muda, maana kidole cha shahada hubaki palepale kilipo, nawe unahangaika na viwili tu.

Mkono wa kulia nao una sheria yake, nayo ni kutosimama. Weka metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika, charaza mapigo manne ya G na manne ya C, na nusu ya mwisho ya pigo la nne iache ilie kwa nyuzi tupu huku vidole vikiwa angani. Wanafunzi huogopa nyuzi tupu, lakini katika wimbo ambao do yake ni G hazichukizi hata kidogo, kwa sababu tatu kati yake, yaani D, G na B, ndizo so, do na mi zenyewe. Msikilizaji atasamehe uzi tupu uliopita haraka, lakini pigo la kwanza likichelewa kwaya nzima itayumba.

Kuhusu sol-fa, una mtaji ambao wanafunzi wangu wengi hawana. Kodi ya kwanza ya ufunguo ni do-mi-so, ya nne ni fa-la-do, na ya tano ni so-ti-re. Ikiwa do ni G, basi hizo ni G, C na D. Chukua karatasi ya wimbo mnaoujua na usome mstari wa sauti ya nne, yaani ile nene ya chini kabisa: penye do kwenye pigo zito jaribu G, penye fa jaribu C, penye so jaribu D, na penye la jaribu Em. Haitakubali kila mahali. Kwa mfano, so ya sauti ya nne inapokaribia mwisho wa mstari mara nyingi huanza na do-mi-so juu yake kabla ya kutulia kwenye so-ti-re, na hapo sikio lako la mwanakwaya litakuambia. Ikiwa juu ya karatasi imeandikwa do ni E bemoli, usiogope. Funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya kwanza na upige kama do ni D. Ikiwa ni B bemoli, funga freti ya tatu na upige kama do ni G. Kapo si dalili ya uvivu, ingawa wapo walimu hapa mjini wanaoipiga marufuku kwa wanafunzi wao, na sababu yao sijawahi kuielewa.

Fundi wa Magitaa, Ilala

Mwalimu ameeleza vizuri upande wa vidole, lakini mimi nisingemwambia mtu aongeze mazoezi kabla ya kulitazama gitaa lenyewe. Magitaa ya bei nafuu yanayoletwa hapa Dar mengi hufika nyuzi zake zikiwa juu mno, kwa sababu kiwanda hakitumii muda kuyarekebisha moja moja, na muuzaji naye huuza kama alivyopokea.

Fanya vipimo viwili. Cha kwanza, chukua rula uipime nafasi iliyopo kati ya sehemu ya juu ya freti ya 12 na sehemu ya chini ya uzi wa sita. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, karibu milimita 2.5 ni hali nzuri, na kwa uzi wa kwanza karibu 2. Ukikuta 4, vidole vyako havina kosa. Cha pili, bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Inapaswa kuwa ndogo sana, kiasi cha unywele kupita. Ikiwa ni kubwa, basi mifereji ya kile kipande cheupe kilicho mwanzoni mwa shingo haikuchimbwa vya kutosha, na ndiyo maana C inakutesa kuliko G: C ina kidole kwenye freti ya kwanza, mahali ambapo uzi uliokaa juu huwa mgumu kuliko popote. F ina taabu hiyohiyo mara mbili.

Mifereji hiyo mpelekee fundi, kwa sababu ikichimbwa kupita kiasi uzi tupu utakwaruza na kipande kizima kitalazimika kubadilishwa. Kile kipande cha kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, husuguliwa chini kwa msasa juu ya kioo. Ukikipunguza milimita 2, uzi unashuka milimita 1 pale kwenye freti ya 12. Wakati unasubiri, legeza nyuzi zote kwa sauti nzima moja (sawa na freti mbili) na ufunge kapo kwenye freti ya pili. Sauti zitabaki zilezile, lakini nyuzi zitakuwa laini na karibu zaidi na shingo.

Jambo jingine kwa yeyote atakayesoma hapa: gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisiwekewe nyuzi za chuma, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba hakuna tofauti. Mvuto wa chuma ni mkubwa zaidi, na daraja litang'oka. Tena, kwa hewa hii yetu ya pwani, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, la sivyo zitashika kutu kabla hazijachakaa.

Dada wa Kigamboni

Kaka, naongeza kidogo tu kuhusu C. Kidole kisikae katikati ya nafasi ya freti. Kisogeze hadi kiguse karibu na chuma cha freti, kwa upande wa kichwa cha gitaa, na utashangaa nguvu inayohitajika inavyopungua. Uzi unaokataa kulia kwa kawaida unaguswa na tumbo la kidole cha jirani, kwa hiyo simamisha vidole kwa ncha na ukate kucha za mkono wa kushoto. Usipige gitaa mara tu baada ya kufua au kuosha vyombo, maana ngozi iliyolowa huumia upesi. Vipindi vifupi vya robo saa, asubuhi na jioni, vina faida kuliko saa mbili za Jumamosi.

Mzee wa Dansi, Magomeni

Nimewasoma nyote, na ninakubaliana na mengi, lakini naona kijana anafundishwa gitaa kana kwamba lazima nyuzi sita zilie wakati wote. Katika muziki wa dansi wa mji huu haikuwa hivyo. Sikilizeni bendi kama DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978: solo, solo la pili na ridhimu kila moja lina mahali pake kwenye shingo, na anayepiga ridhimu mara nyingi anazungusha vidole kwenye nyuzi chache tu za kodi, wala hazicharazi zote.

Kijana wangu, chukua nyuzi tatu nyembamba peke yake. C ni uzi wa tatu mtupu, wa pili freti ya kwanza, wa kwanza mtupu. Kwa kidole kimoja umeipata. F ni uzi wa tatu freti ya pili, na wa pili na wa kwanza zote freti ya kwanza, ambazo unazilalia kwa kidole cha shahada. G ni umbo lilelile la F lililosogezwa freti mbili mbele: ya nne, ya tatu, ya tatu. Ikiwa do ni C, hizo F na G ndizo fa-la-do na so-ti-re zako, nawe hukulaza kidole juu ya nyuzi sita. Ukitaka C nyingine ya juu, uzi wa tatu freti ya tano, wa pili freti ya tano, wa kwanza freti ya tatu.

Mwanakwaya wa Tabata

Shikamoo mzee wangu. Nawashukuru nyote. Nimepima kwa rula: uzi wa sita uko karibu milimita 4, kwa hiyo gitaa litakwenda kwa fundi. Ule mshiko wa G kwa kidole cha mwisho nimeujaribu, na ingawa kidole kinatetemeka, safari ya kwenda C imekuwa fupi kweli. Swali langu kwa mzee ni hili: je, nyuzi tatu zitatosha kuibeba kwaya ya watu 30 wakati hakuna kinanda wala besi?

Mwalimu wa Gitaa, Sinza

Naomba radhi kwa kumtangulia mzee. Ninaona hazitatosha. Umbo lake la F ni njia nzuri kuliko yoyote ninayoijua ya kuizoea F, nami nitalitumia kwa wanafunzi wangu, lakini katika bendi aliyoitaja palikuwa na mpiga besi. Hapo kanisani gitaa lako ndilo besi, na sauti ya nne huegemea uzi wa tano na wa sita ili isishuke. Tumia G, C na D kamili.

Mzee wa Dansi, Magomeni

Marahaba, kijana wangu. Mwalimu ana haki kwa wimbo wa kwaya nzima. Lakini kwenye mazoezi kuna muda ambapo kila sauti inafundishwa peke yake, na hapo gitaa la nyuzi sita huwafunika waimbaji. Sauti ya kwanza na ya pili wanapojifunza mstari wao, wapigie nyuzi tatu, taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine. Wote wakiungana, rudi kwenye kodi za mwalimu. Na gitaa likitoka kwa fundi, rekebisha upya sauti za nyuzi mwenyewe kabla ya kwenda nalo kanisani, maana nyuzi mpya hushuka sauti kwa siku kadhaa.